Kuchonyota si kupona

Mtu aking'olewa jino, mara nyingi hupita duka la dawa akanunua dawa ya kusukutua bila kuambiwa aitumie mpaka lini. Ikimchonyota, anaamini ndiyo inafanya kazi. Imani hiyo naipinga.

Soma nyuma ya chupa. Mara nyingi utakuta klorheksidini, asilimia 0.12 au 0.2. Kwa kuua bakteria ni hodari, maana hung'ang'ania meno na fizi na kuendelea na kazi kwa saa kadhaa baada ya wewe kutema. Tatizo ni kwamba haichagui. Kidonda cha ufizi huzibwa na seli ziitwazo fibroblasti, ambazo husogea kwenye pengo na kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia nyama mpya. Maabara, seli hizo zikikutana na klorheksidini, hata iliyozimuliwa, husogea kwa shida, kolajeni hupungua, na nyingine hufa. Ni kweli maabara si kinywa. Kuna mate, na ufizi mzima una ngozi ya juu inayozikinga seli hizo. Lakini kidonda kibichi hakina ngozi hiyo!

Sisemi itupwe. Aliyefanyiwa upasuaji wa fizi, asiyeweza kupiga mswaki, anaihitaji kwa wiki moja au mbili kama daktari alivyomwelekeza. Anayeendelea nayo miezi mizima ataona meno yakiingia madoa ya kahawia na chakula kikipoteza ladha. Zile zenye alkoholi, ambayo kwa baadhi yake huzidi asilimia 20, mimi nisingeziweka kwenye kidonda kabisa.

Maji ya chumvi tunayadharau kwa kuwa ni ya bure. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Bangkok, walionyesha maabara kwamba fibroblasti za ufizi zilizosuuzwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hadi 1.8 zilisogea haraka zaidi kuziba pengo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, mililita 250, kinakufikisha hapo. Saa 24 za kwanza usisukutue chochote, bonge la damu lisije likatoka shimoni. Kisha sukutua taratibu, kila baada ya kula.

Na mfamasia anayetoa klorheksidini aandike kwenye chupa tarehe ya kuacha, kama anavyoandika 1×3 kwenye bahasha ya vidonge.