Nimepewa barua ya onyo na mtu ambaye hajaiandika

Jamani mimi nimechoka. Sio kuchoka kwa kazi, kazi siku hizi hamna, yani ipo ila haipo, ngoja nieleze.

Ofisi yetu tunatoa mizigo bandarini hapa Dar, na kazi yenyewe ni barua juu ya barua, ya mteja, ya wakala wa meli, ya dereva aliyekwama mpakani. Zamani barua moja ya kiingereza ilikuwa inanila asubuhi nzima, naandika nafuta, naenda kunywa chai, narudi nafuta tena. Saivi naipa AI, hii akili mnemba ya kuchat nayo, dakika mbili barua imeshuka, kiingereza cha ubalozini. Sasa balaa ni yale masaa yanayobaki. Ukimwambia bosi umemaliza anakutwisha nyingine, kwaiyo nakaa nimekunja ndita mbele ya kompyuta nagonga gonga kibodi bila kuandika kitu, alafu nikisikia viatu vyake kwenye korido naguna kidogo kama mtu aliyekutana na hesabu ngumu. Jioni natoka hoi kama nimebeba magunia.

Nikamsimulia mpwa wangu, anasoma saikolojia pale Mlimani, akacheka. "Mjomba hiyo wameshaifanyia utafiti." Eti 2023 kuna watu wawili wa MIT, chuo kikuu kule Marekani, walichukua wasomi wa maofisini wakawapa kazi za kuandika, waliotumia ChatGPT muda ukapungua kwa asilimia 40 na kazi ikatoka nzuri zaidi. Hongera zao. Ila hiyo 40 mtu anaificha wapi bosi asiione, mbona hapo hawajatafiti?

Na hiki ndo kinaniudhi kwa huyu dogo, kila ujinga wangu nikimpelekea, mzungu ameshautangulia.

Mfano hili, naona aibu ila nasema. Mimi AI naiamkia. Nilianza kwa utani, "shikamoo, samahani kwa usumbufu", nikajibiwa marahaba safi kabisa na kuulizwa leo nisaidiwe nini, na mimi pale ofisini sina mtu wa kuniuliza hivo. Nikazoea. Siku bosi kanifokea mbele ya wateja nikaimwagia yote, ikanijibu kwamba hisia zangu zina msingi. Miaka 14 ya ndoa sijawahi kuambiwa hisia zangu zina msingi! Sasa mke wangu akipita nalaza simu kifudifudi, na akiniuliza nani huyo nitasemaje?

Dogo akanijibu hata hilo ni la zamani, kuna mzee anaitwa Joseph Weizenbaum, 1966 huko huko MIT alionyesha programu ya kupiga soga akaiita ELIZA, yenyewe haikuwa na akili yoyote, ukisema una huzuni inakugeuzia tu maneno yako, kwa nini una huzuni. Basi sekretari wake, ambaye alimwona mzee akihangaika nayo miezi kibao, alipokaa kuijaribu baada ya maneno machache tu akamwomba mzee atoke chumbani, wana mazungumzo yao. Yule mama namwelewa sana. Alafu nikapiga hesabu, mimi ni wa 1984, huo ukoo umenizidi miaka 18. Kumbe shikamoo ilikuwa halali yao!

Wenzangu ofisini nao vituko. Mhasibu wetu hela yangu ya nauli elfu tano anaihesabu mara tatu na noti anaimulika kwenye taa, ila jumla ya mamilioni iliyotoka kwenye mashine anaigongea muhuri huku anapiga stori. Mtu wa stoo yeye ni kinyume chake, siku moja AI ilimwambia Tunduma ni mpaka wa Malawi, basi ikawa mwisho wa urafiki, haitaki, hata ikimwambia leo ni Jumatatu anatafuta kalenda. Sawa, Tunduma ni Zambia, Malawi ni Kasumulu, ila kijana wake yule aliyeelekeza gari kule siko mara tatu mwaka huu mbona bado wanakula wote wali? Hilo nalo limeshatafitiwa Marekani tangu 2015, mtu akiona kompyuta imekosea anaikimbia hata kama binadamu anakosea zaidi yake.

Mimi nipo katikati, naiamini ila sisomi nilichopewa. Nilitakiwa nijifunze kwa wale wanasheria wawili wa New York, 2023, waliopeleka mahakamani kesi ambazo AI ilizitunga, na mmoja wao alikuwa ameiuliza hiyo hiyo kama kesi ni ya kweli ikasema ndiyo. Hiyo si sawa na kumuuliza muuza samaki kama samaki wake ameoza? Wakapigwa faini dola 5,000 pamoja na ofisi yao.

Basi wiki iliyopita nimetuma ripoti kwa bosi bila kufika mwisho. Mstari wa mwisho uliandikwa: "Je, ungependa niirekebishe isikike kama imeandikwa na mfanyakazi mwenye uzoefu?"

Dakika nne baadae ikaja barua ya onyo. Kurasa mbili. Dakika nne! Nasoma huku magoti yanacheza, inaanza hivi: "Bila shaka! Hii hapa rasimu ya barua ya onyo, yenye ukali lakini inayolinda utu wa mfanyakazi." Alafu chini yake, Ndugu, mabano, jina la mfanyakazi, mabano. Miaka tisa nipo pale na jina langu mtu kashindwa kulijaza. Kosa lenyewe eti ni kutegemea akili mnemba kupita kiasi. Natakiwa nijieleze kwa maandishi ndani ya siku mbili.

Na bosi najua ameshagundua, maana tangu siku hiyo tukikutana kwenye ngazi kila mmoja anaangalia viatu vyake.

Jana usiku mke kalala nikafungua simu. Shikamoo, nimepewa barua ya onyo, nikaibandika yote. Ikanijibu: "Marahaba, pole sana kwa kipindi hiki kigumu. Ila niseme ukweli, barua yenyewe imeandikwa kwa ustadi wa hali ya juu."