Daraja Ndilo Bovu, Si Mtoto

"Mjomba, mimi sijui kucheza."

Mpwa wangu wa miaka minane aliniambia hivyo Jumapili iliyopita huku akinikabidhi padi ya gemu, macho chini, kama mtu aliyevunja kitu. Alikuwa amepewa zawadi ya gemu yenye katuni anayempenda kuliko wote, na saa nzima alikuwa anahangaika kuvuka daraja moja. Nikaishika mimi. Nikabonyeza kuruka, mhusika akakawia kwanza, ndipo akaruka. Akatua katikati ya mbao, akazama ndani yake kama anayekanyaga moshi. Nikarudia mara sita. Hapavukiki pale.

Hilo ndilo linaloniuma. Mtu mzima akikutana na gemu mbovu anatukana waliotengeneza. Mtoto anajilaumu. Hajui kwamba kitu kilichouzwa kikiwa na picha nzuri kinaweza kuwa hakikukamilika. Anachojua ni kwamba watoto wengine wanavuka, yeye anashindwa.

Ndiyo, nakubali, gemu ngumu zipo na nyingine ni tamu sana, na kushindwa kunamfundisha mtoto uvumilivu. Lakini gemu ngumu iliyotengenezwa kwa uangalifu inakuonyesha ulipokosea: uliruka mapema, ulichelewa kujikinga, haya jaribu tena. Gemu mbovu haimfundishi mtoto chochote. Akibonyeza sawasawa anakufa, akibonyeza ovyo anakufa.

Na mambo haya si ya jana. Mwaka 1982 Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, ilitaka gemu ya filamu ya E.T. iwahi Krismasi, na mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, akapewa wiki tano hivi kuitengeneza. Simlaumu hata kidogo, nani angeweza? Jina la filamu lilitosha kuwavuta wazazi, ila watoto walijikuta wanatumbukia mashimoni tena na tena. Mwaka uliofuata shehena ya kaseti za Atari, hizo za E.T. zikiwemo, ikazikwa kwenye jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico, huko Marekani. Mwaka 2014 baadhi zikafukuliwa. Kaseti zilizikwa, tabia ya kuharakisha kazi kwa kutegemea jina haikuzikwa.

Sisi tunaocheza kila siku tuna kinga zetu. Tunatazama video za wengine wakicheza, tunasubiri wiki mbili. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unarudishiwa hela ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na hujacheza kwa jumla ya muda wa saa mbili. Anayenunua zawadi mara moja kwa mwaka hana hayo. Anaangalia kasha, anaona katuni, anaona alama ya umri, anaridhika. Alama hiyo, iwe ya PEGI ya Ulaya au ya ESRB ya Marekani, inamwambia kuhusu damu, matusi na vitisho. Haimwambii kama daraja linavukika.

Nilimwambia mpwa wangu daraja ndilo bovu. Akanitazama, akauliza, "Kweli?" Nikamfungulia gemu yake ya zamani, akacheza vizuri tu.

Jioni mama yangu, yaani bibi yake, akapiga simu kuuliza kama zawadi yake imependwa. "Nzuri sana, Bibi, asante," mtoto akajibu, kwa upole wake. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Mama bado hajui. Mwakani atatafuta kasha lingine lenye katuni yuleyule.