Vipigo 28 mfululizo vya Pistons: mzigo wa kocha ni upi?

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba 28, 2023, Detroit Pistons walifungwa mechi 28 mfululizo. Hakuna timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, iliyowahi kufungwa mfululizo kiasi hicho ndani ya msimu mmoja. Walimaliza na ushindi 14 na vipigo 68, na Juni 2024 kocha Monty Williams akatimuliwa, mwaka mmoja tu baada ya kusaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78.5. Msimu uliofuata, chini ya J.B. Bickerstaff, timu ileile ya vijana ikashinda mechi 44. Kwa mashabiki wengi kesi ikaishia hapo: kocha ndiye aliyekuwa mbovu.

Mimi siamini kesi ni nyepesi hivyo. Williams ndiye aliyeipeleka timu ya Phoenix Suns fainali ya NBA mwaka 2021, na mwaka uliofuata akatajwa kocha bora wa ligi. Detroit alikabidhiwa timu iliyotoka kushinda mechi 17 chini ya Dwane Casey. Cade Cunningham alikuwa na miaka 22, Jaden Ivey 21, Ausar Thompson 20, na Jalen Duren alianza msimu akiwa hajatimiza 20. Bojan Bogdanović, mkongwe aliyetegemewa kwa mitupo ya mbali, alianza msimu akiwa majeruhi.

Na hiyo mitupo ya mbali ndiyo iliyowamaliza. Thompson alifunga asilimia 18.6 tu ya mitupo yake ya pointi tatu msimu ule. Wapinzani walimwona wazi wakamwacha asimame peke yake pembeni, na mtu aliyepaswa kumkaba akarudi chini ya kikapu. Kwa hiyo Cade akimpita mkabaji wake wa kwanza, anakutana na wengine wawili wamemsubiri. Apenyeze pasi au alazimishe? Mara nyingi mpira ulipotea. Kocha anaweza kuchora mbinu mpaka kalamu iishe wino. Wapigaji hawachorwi ubaoni, wanasajiliwa, na kazi hiyo ilikuwa ya meneja mkuu Troy Weaver, ambaye naye aliondoka mwishoni mwa msimu.

Lakini yapo makosa ambayo Williams hana wa kumsingizia. La kwanza ni Ivey. Kijana aliyechaguliwa wa tano katika drafti ya 2022, zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya, aliwekwa benchi, na nafasi yake akapewa Killian Hayes, ambaye hakuwa tishio kwa mbali wala kwa karibu. Ukisema Hayes alikaba vizuri zaidi, sawa, nakubali. Ila timu inayofungwa kila siku haimfundishi kijana wake kwa kumkalisha, na Februari 2024 klabu yenyewe ikamwacha Hayes aende bila kupata chochote. La pili ni tabia ya kuwapumzisha wachezaji wote watano wanaoanza mechi kwa pamoja na kuingiza watano wa benchi. Mechi inayokwenda sawasawa ilikuwa inaponyoka ndani ya dakika chache, Cade akitazama. Kupanga dakika ni kazi ya kocha peke yake.

Sasa zile mechi 44. Bickerstaff hakuja peke yake. Rais mpya wa masuala ya kikapu, Trajan Langdon, alimleta Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley, na Beasley huyo akafunga mitupo 319 ya pointi tatu msimu mzima. Ghafla Cade akawa na nafasi ya kupita, akacheza All-Star, mechi ya nyota wa ligi, kwa mara ya kwanza. Vitu viwili vimebadilika kwa wakati mmoja. Anayempa kocha sifa zote anachagua kimoja bila kupima.

Kipimo kilicho safi zaidi kiko Cleveland, na kinamgusa Bickerstaff huyohuyo. Timu ya huko, Cavaliers, ilimfukuza Mei 2024 baada ya ushindi 48, wakamleta Kenny Atkinson, wakabaki na takriban kikosi kilekile. Wakashinda 64. Kwa hiyo kocha ana uzito, tena mkubwa, pale wachezaji wanapokuwa wameshakamilika. Detroit ya 2023 haikuwa imefika huko. Nikigawa lawama, kubwa naipeleka ofisini, na Williams nambakizia suala la dakika.

Aprili 2025 Pistons walikutana na New York Knicks kwenye mtoano. Mechi ya kwanza waliongoza robo ya nne, kisha Knicks wakafunga pointi 21 bila jibu na wakashinda 123 kwa 112. Desemba 2023 waliachia uongozi mkubwa namna hiyohiyo kwa Boston Celtics, na jina la Williams likatukanwa usiku kucha. Safari hii watu walisema ni uchanga.