Mahafali Kabla ya Mtihani

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, shule za sekondari nchini Tanzania zinapofanya mahafali ya kidato cha nne, husikika swali lile lile: wanasherehekea nini hawa, na mtihani wa taifa bado uko Novemba? Nilisikia mzazi mmoja akiliuliza tena kwenye mahafali ya mtoto wa dada yangu, katika shule ya wasichana inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki mkoani Kilimanjaro, na nimeona nilijibu kwa maandishi.

Wanasherehekea kumaliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliuunga mkono mwaka 2019. Hadi Novemba 2021, Serikali ilipofungua mlango wa kurudi, binti aliyepata mimba katika shule ya umma alifukuzwa na safari yake ya masomo ikaishia hapo. Nchi yenye historia hiyo haina sababu ya kumwona haya msichana anayepigiwa vigelegele kwa kuwa tu amefika mwisho wa miaka minne.

Wakati wa maandamano ya kuingia kanisani kwa Misa ya shukrani, nilisimama karibu na binti mmoja ambaye upindo wa sketi yake ulikuwa umefumuliwa mara mbili. Mistari miwili ya rangi iliyokoza ilionyesha mahali sketi ilipoishia alipokuwa kidato cha kwanza na alipokuwa cha tatu. Mama yake, aliyekuwa na khanga mpya mkononi akisubiri kumvika, aliniambia, "Dada yangu, mimi niliishia la saba. Huyu sketi imemfupikia akiwa humu humu shuleni." Kwangu mimi, risala zote zilizosomwa siku ile hazikusema zaidi ya hapo.

Shule za Kanisa za wasichana zimesifiwa mno kwa nafasi zao kitaifa, na ni kweli kwamba St. Francis ya Mbeya, kwa mfano, imeongoza matokeo ya kidato cha nne zaidi ya mara moja. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora Januari 2023, nami nakubaliana nalo, kwa sababu orodha ile ilituficha jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni muda. Binti wa shule ya kutwa akifika nyumbani anasubiriwa na ndoo, jiko na mdogo wake mgongoni, na daftari huja mwisho, taa ikiwa imekaribia kuzimwa. Wa bweni kwa masista ana kengele ya prepo, yaani saa za kujisomea jioni, ana meza, na ana sista anayepita kati ya madawati akiuliza nani hajaelewa. Akili ni zile zile, saa ndizo zinazotofautiana.

Hapo ndipo penye uchungu wangu, kwa sababu saa hizo zinanunuliwa kwa ada ambayo wazazi wengi hawaiwezi. Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walianza na watoto waliokombolewa utumwani, watoto wasio na mzazi wa kuwalipia chochote, na sioni kwa nini urithi huo uwe wa kusimuliwa tu katika jubilei. Harambee ya mahafali tuliyoichangia ilikuwa ya basi la shule. Basi lina kazi yake, lakini ningependa kila jimbo liamue kwamba nusu ya fedha za harambee za namna hiyo ziwalipie ada mabinti ambao parokia zao zinawajua kwa majina, wale waliofaulu la saba na sasa wanauza mboga sokoni.

Tuliondoka jioni, keki zimekwisha na mashada yameanza kunyauka. Wakati gari letu linapita getini kengele ya prepo ililia, na wahitimu wakavua khanga walizovikwa, wakazikunja vizuri, wakaingia darasani.