Ati ufunguo atakua nao serikali tu

Kila inapozuka habari ya meseji kufungwa kwa enkripsheni, yaani kufuli la kimtandao asieweza kulifungua ila mwenye ufunguo, barazani hakosi mtu wa kusema ati kama huna la kuficha unaogopa nini serikali ikisoma. Mie nnalo la kuficha, na wewe unalo, tusidanganyane. Bibi harusi akisingwa, wanawake wanapigana picha vichwa wazi, hina mpaka magotini, wanatumiana kwenye grupu la ukoo hadi kwa shangazi alioko Maskati, na hakuna mwanamme wa kando anotakiwa kuziona zile picha. Hapo pana siasa gani, pana ugaidi gani? Ni sitara tu, na Suratul Hujurat imeshatukataza kupelelezana.

Sasa tangu 2016 WhatsApp walipozifunga meseji zote, ufunguo unakaa kwenye simu ya alotuma na ya alotumiwa, kampuni ilioko katikati inabeba mzigo tu lakini haioni kilichomo. Ndo zikaja hizi sheria na amri za kila namna za kutaka pawekwe njia ya pembeni, serikali ipate kusoma. Uingereza, kwa mujibu wa habari zilizotoka, waliitaka Apple ifungue njia ya kuingia kwenye mafaili ya watu yaliyohifadhiwa iCloud, ghala lao la mtandaoni, na Februari 2025 Apple wakaona bora waiondoe kabisa ile huduma ya ulinzi wa ziada kwa wateja wa Uingereza kuliko kutoboa tundu. Kwa iyo aloumia nani? Raia wa kawaida, yeye ndo alobaki na kinga ndogo kuliko mwenzake wa Ufaransa.

Wanasema njia hiyo ataitumia serikali peke yake, kwa amri ya mahkama. Haya, tuangalieni Ugiriki. Mwaka 2004 na 2005 ndani ya mitambo ya Vodafone ya kule ilikuwemo programu ya kusikilizia simu ilotengenezwa kwa ajili ya maombi ya kisheria, basi kuna watu wakaingia wakaiwasha kimyakimya, wakawa wanasikiliza simu za watu kama mia hivi, na mmojawapo ni waziri mkuu mwenyewe, Kostas Karamanlis! Waziri mkuu wallahi, sembuse mie na wewe. Na Marekani mwaka 2024 ikagundulika kua wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia kwenye kampuni kubwa za simu, pamoja na ile mitambo ya kusikilizia kwa amri ya mahkama, ikafika Desemba maafisa wa usalama wa mtandao wanawahimiza wananchi watumie programu zenye enkripsheni. Nchi ambayo FBI yake, wapelelezi wa serikali, ilikua mahkamani na Apple 2016 ikitaka ifunguliwe simu moja tu, ya mshambuliaji wa San Bernardino.

Nakubali wahalifu wapo na watoto wanadhuriwa mitandaoni, sibezi hilo hata kidogo. Lakini hebu tuangalie wizi unaotuuma sisi hapa Tanzania kila siku, ile "hiyo hela itume kwenye namba hii". Inakuja kwa SMS, ambayo haina kufuli lolote la maana, kampuni ya simu inaipitisha ikiwa wazi, kwenye laini ambazo tumepanga foleni tukazisajili kwa alama za vidole hadi wasiosajili wakafungiwa 2020. Na bado zinaingia, tena mchana kweupe. Nani kapigia nani, saa ngapi, pesa imetoka wapi imekwenda wapi, yote yapo, kama hayo hayajawatosha kumkamata mtu sioni kwa nini voisi za mama'ngu kwa mwanawe ziwatoshe.

Na msiseme haya ni mambo ya Ulaya. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walitoa tangazo anaetumia VPN, programu ya kupitisha mtandao kwa njia iliofungwa, ajisajili hadi tarehe 30 ya mwezi huohuo, atoe na maelezo ya IP, yaani anwani ya mtandaoni, anayotumia. VPN, kitu anachotumia mhasibu wa hoteli ya Nungwi kuingia kwenye mfumo wa ofisi. Tapeli hatokwenda kujaza fomu hiyo, atakaekwenda ni yule mhasibu, kisha jina lake linakaa kwenye orodha, na mie nnataka kujua orodha hiyo anaifungua nani, kwa ruhusa ya hakimu gani, na ikivuja nani atajibu.