Muuguzi anayemsimamisha mgonjwa wa nyonga

Mzee aliyevunjika nyonga akishafanyiwa upasuaji, jamaa zake hutarajia aachwe alale mpaka mfupa uunge. Kesho yake wanamkuta muuguzi akimkalisha ukingoni mwa kitanda, kisha akimsimamisha kwa fremu ya kutembelea huku mgonjwa akiguna, nao huona kwamba mtu wao anateswa.

Hofu yao ina msingi. Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool katika karne ya 19, alifundisha kwamba kiungo kigonjwa kipumzishwe kwa muda mrefu bila kukatizwa, na mafundisho hayo yaliongoza wodi za mifupa kwa vizazi. Hata leo uti wa mgongo uliovunjika na usio imara hautikiswi, na ipo mivunjiko ambayo daktari huagiza isikanyagiwe kwa wiki kadhaa. Muuguzi anayemwinua mgonjwa bila kusoma maagizo hayo, au kabla dawa ya maumivu haijaanza kufanya kazi, anastahili kulaumiwa.

Nyonga iliyofungwa vyuma au kuwekewa kiungo bandia, hata hivyo, hupasuliwa kwa kusudi hasa la kuuwezesha mguu kubeba uzito mapema, ndiyo maana mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mgonjwa aanze kuinuliwa siku inayofuata upasuaji, isipokuwa kuna sababu ya kitabibu ya kuzuia. Madhara ya kulala kwa muda mrefu kama vidonda vya kulalia, damu kuganda miguuni na nimonia yanajulikana. Hasara isiyosemwa sana ni ya misuli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wachache kwa siku 10, nao wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, bila kuhesabu mafuta. Wazee hao walikuwa wazima: hawakuvunjika popote, hawakupoteza damu, na chakula walikula. Mgonjwa wetu ametoka chumba cha upasuaji, hamu ya kula hana, na misuli inayoyeyuka ndiyo ile ile inayomwinua mtu kitini na kumfikisha chooni. Akiachwa apumzike kwa huruma, huenda mfupa ukaunga vizuri chini ya mapaja yasiyoweza tena kumbeba.

Kizuizi kikubwa kuliko maumivu, kwa maoni yangu, ni idadi ya wauguzi. Kumsimamisha mzee mwenye kizunguzungu huhitaji watu wawili, na zamu yenye mikono michache huona kitanda ndicho salama. Tena mgonjwa akianguka, ripoti huandikwa na muuguzi huhojiwa. Akidhoofika taratibu kwa kulala, hakuna anayeitwa kujieleza, na faili lake husomeka kwamba anaendelea vizuri.