Mionzi kwenye mbegu za pilipili: tunaogopa pasipo na kitu

Jamani, ukitaja tu mionzi karibu na chakula watu wanaruka, na mi nawaelewa kabisa, ila kwa hili la kupiga mionzi mbegu za pilipili ili kupata aina inayokinza virusi naona hofu imekaa pasipo pake. Mbegu kavu inawekwa kwenye mashine yenye kobalti-60, yaani madini yanayotoa mionzi, inapigwa miale ya gama, inatolewa, basi. Haibaki na mionzi ndani, sawa na mtu aliyepigwa picha ya eksirei anavyorudi kwake bila mionzi yoyote mwilini. Kinachobaki ni mabadiliko kwenye vinasaba, ambayo hata bila mashine hutokea yenyewe shambani, ila kwa nadra sana.

Wala sio jambo la jana. Mtaalamu wa vinasaba Mmarekani, Lewis Stadler, alikuwa anapiga shayiri na mahindi eksirei tangu miaka ya 1920, na leo orodha ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki) ina aina zaidi ya 3,000 za mimea zilizopatikana kwa kubadilisha vinasaba makusudi, nyingi zikiwa kwa mionzi.

Kazi yenyewe iko shambani. Miche ya kwanza inatoka imedhoofu, mingine majani yamejikunja, mingine jani lina baka jeupe upande mmoja tu, maana kiini cha mbegu kina seli nyingi na miale haikuzigusa zote sawa, kwahiyo tawi hili linaweza kubeba badiliko na la jirani yake halina kitu. Ndo maana unachuma mbegu tawi kwa tawi, na maua unayafunika kwa wavu, nyuki akishapita tu na chavua ya mmea mwingine hesabu yote imevurugika. Mabadiliko mengi yanajificha mpaka kizazi cha pili, mmea ukirithi nakala mbili, na hapo unapita kwenye maelfu ya miche ukitafuta mmoja uliosimama wima wakati wenzake wote wamekunjwa majani na virusi.

Na huo mmoja usiushangilie haraka! Miale haichagui inapopiga, mmea unaweza kupata ukinzani dhidi ya virusi huku umepoteza ukali au unazaa kidogo, kwahiyo lazima urudishwe shambani msimu baada ya msimu.

Kwahiyo pilipili hiyo mi nitaila bila wasiwasi. Ninachouliza ni kimoja tu, mbegu yake ilijaribiwa misimu mingapi kabla ya kuuziwa mkulima?